Wimbo na Mwenyewe: Mwanzo na Mageuzi ya Tamthilia ya Nyimbo, Lodwar na Kakuma

UTANGULIZI

Historia ya tamthilia ya nyimbo, kama inavyofundishwa katika vyuo vingi, ina njia moja iliyokwisha kukanyagwa sana. Huanzia Italia ya kaskazini, ambako opera ya Monteverdi, L'Orfeo, ilionyeshwa katika mji wa Mantua mwaka 1607. Hupitia London ya mwaka 1728, John Gay alipozichukua nyimbo zilizokuwa zikijulikana na watu wa kawaida, akazitia maneno mapya katika The Beggar's Opera. Kisha huvuka bahari hadi New York, ambako Show Boat (1927) na hasa Oklahoma! (1943) zilisifiwa kwa sababu wimbo ndani yake haukuwa tena pambo la kuwapumzisha watazamaji, bali ulikuwa sehemu ya hadithi yenyewe. Kwa kipimo hicho maendeleo ya fani hii ni safari ya kuunganisha: wimbo ulikuwa mbali na mhusika, nao ukasogezwa hatua kwa hatua mpaka wimbo na mhusika vikawa kitu kimoja.

Katika masimulizi hayo Afrika Mashariki hutajwa mwishoni, nayo sehemu ya kaskazini-magharibi ya Kenya haitajwi kabisa. Ikitajwa, huwa ni kwa ajili ya kusema kwamba Waturkana wana "malighafi" nzuri ya nyimbo na michezo ambayo msanii wa mjini anaweza kuitumia.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba safari hiyo ya kuunganisha haielezi yaliyotokea Turkana, na kwamba mhakiki anayeitumia kama kipimo atasifu mambo yasiyostahili sifa na kuyapita yanayostahili. Katika Turkana wimbo haukuhitaji kusogezwa karibu na mtu, kwa kuwa tangu mwanzo ulikuwa mali ya mtu. Kilichogeuka ni jambo jingine: kile kilichokuwa kikiimbwa kiliondoka, na wimbo ukabaki. Hoja itakayotetewa ni kuwa tamthilia ya nyimbo, katika Lodwar na Kakuma, imezaliwa ndani ya upungufu huo, na kwamba ubora wa onyesho lolote la huko hutegemea kama linaukiri upungufu huo au linauficha.

KIPIMO CHA KUTOFAUTISHA

Mjadala juu ya kuwapo au kutokuwapo kwa tamthilia katika jadi za Kiafrika ni wa siku nyingi. Ruth Finnegan, katika kitabu chake juu ya fasihi-simulizi ya Afrika (1970), alikuwa na shaka kama tamthilia kamili ni fani ya kawaida ya bara hili, ingawa alikubali kwamba vipengele vyake vingi vimo katika ngoma, masimulizi na sherehe. Wataalamu wengi wa Afrika walimpinga. Baadhi yao walipinga kwa kuvuka mpaka wa upande wa pili, wakaita kila jando, kila arusi na kila mazishi tamthilia. Istilahi ya "sanaa za maonyesho", iliyoenezwa na wanachuo wa Dar es Salaam, ilisaidia sana kwa kuwa ilitoa nafasi ya kuyaweka mambo hayo pamoja bila ya kuyafanya kuwa kitu kimoja.

Katika makala hii tamthilia ya nyimbo itachukuliwa kuwa onyesho lenye tendo, wahusika na hadhira, ambamo wimbo hubeba sehemu ya tendo, kiasi kwamba wimbo ukiondolewa tendo huvunjika. Kipimo chenyewe ni chepesi: wimbo uondolewe, kisha itazamwe ni nini kimebaki.

Afrika Mashariki ina kazi kadhaa zinazokishinda kipimo hiki. Oluyimba lwa Wankoko ya Byron Kawadwa (1971), iliyoandikwa kwa Kiganda na kutiwa muziki na Wassanyi Serukenya, iliwasilishwa katika tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977. Wengi walilisoma fumbo lake kuwa linahusu kuangushwa kwa ufalme wa Buganda mwaka 1966, na mwaka huohuo wa tamasha Kawadwa aliuawa na utawala wa Idi Amin. Renga Moi ya Robert Serumaga (1972) ilitegemea masimulizi ya Kiacholi juu ya shujaa, ikachanganya lugha kadhaa na kuacha nyimbo na miili ya wachezaji ieleze yale ambayo lugha moja isingeweza kuyafikisha kwa kila mtazamaji. Huko Limuru, Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977 na kibali chake kikaondolewa tarehe 16 Novemba. Maitu Njugira, iliyotumia nyimbo za lugha kadhaa za Kenya, ilizuiwa mwaka 1982, na tarehe 12 Machi ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ukabomolewa. Watawala, kwa njia yao, walikuwa wamekitumia kipimo kilekile: waliona kwamba nyimbo si pambo.

Kazi hizi zote zina sifa moja inayoihusu Turkana. Hazikuanza kwa mwandishi kutafuta namna ya kuuingiza wimbo katika mchezo. Zilianza na wimbo uliokuwa tayari na wenyewe, mwandishi akajiuliza ni mchezo gani unaweza kuustahimili.

WIMBO WA MAKSAI

Mwanamume wa Kiturkana, kwa jadi, huwa na maksai mmoja ampendaye kuliko wanyama wote wa zizi lake. Pembe za maksai huyo huweza kuelekezwa tangu udogo ili zichukue umbo fulani, na shingoni huvikwa kengele. Mwenyewe humtungia wimbo na aghalabu huchukua jina kwake. Anayeitwa Apaloreng ametambulishwa kwa maksai mwekundu. Jina hilo humfanya kuwa "baba" wa mnyama wa rangi ile. Rangi, mabaka, pembe, safari za kutafuta maji, ushujaa na hasara huingia katika wimbo, hata inakuwa vigumu kusema ni wapi sifa za mnyama zinapokoma na sifa za mtu zinapoanza.

Wimbo huo huimbwa katika edonga, mchezo wa kuruka ambao wanaume kwa wanawake huukusanyikia. Hakuna ngoma za kuwambwa. Mdundo hutoka kwenye miguu inayotua chini kwa pamoja, makofi na sauti za waitikiaji. Mwenye wimbo huingia katikati, huanzisha, na wenzake humwitikia. Huinua mikono juu ya kichwa na kuikunja kwa umbo la pembe za maksai wake. Na kwa kuwa maksai wa huyu si maksai wa yule, mikono ya huyu si mikono ya yule. Mtazamaji anayezijua zizi za jirani zake humtambua mnyama kabla ya kulisikia jina lake.

Je, hii ni tamthilia? Jibu la haki ni kwamba bado. Kuna uigaji, kwa maana mikono imekuwa pembe. Kuna mpangilio wa mwanzishaji na waitikiaji. Lakini anayeimba hamwigizi mtu mwingine. Anaimba nafsi yake mwenyewe. Tena wanaomwitikia si hadhira kwa maana ya watu waliokuja kutazama tu. Wao ni mashahidi, na anayejisifu kwa jambo asilolifanya hana pa kujificha mbele yao. Tofauti hii isipuuzwe, kwani ndiyo itakayotuonyesha kilichopotea na kilichopatikana wimbo ulipopanda jukwaani.

Mambo yenye mwelekeo wa kitamthilia hayakosekani katika sherehe nyingine. Katika akiriket, wanaume huketi kwa umbo la nusu duara kufuatana na rika, na msemaji anayeomba huitikiwa na wote kwa pamoja. Mgawanyo wa Mawe na Chui, ambao humweka mtoto katika kundi lisilo la baba yake, huwapa watu pande mbili zilizo tayari kushindana kwa nyimbo na kwa mapambo. Arusi nayo ina mvutano wake: filamu ya David na Judith MacDougall, The Wedding Camels (1977), iliyopigwa miongoni mwa Waturkana, inaonyesha jinsi majadiliano ya mahari yanavyoweza kushika pumzi za watu wote waliopo, bila mwandishi na bila jukwaa. Hata hivyo, kati ya hayo yote, wimbo wa maksai ndio uliobeba mbegu ya tamthilia ya nyimbo, kwa sababu ndio uliokuwa tayari na mhusika.

JUKWAA LA LODWAR

Lodwar, mji ulio kando ya mto Turkwel, ulikua kama kituo cha utawala na biashara. Wakati wa ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, na mgeni hakuweza kuingia bila kibali. Wakenya wengi wa sehemu nyingine waliujua mji huo kama mahali pa kufungiwa watu: Jomo Kenyatta, baada ya kutolewa gereza la Lokitaung mwaka 1959, aliwekwa Lodwar hadi mwaka 1961. Kwa sababu hiyo tamasha la maigizo la shule, lililoanza Kenya mwaka 1959 na kwa miaka mingi likatawaliwa na tamthilia za Kiingereza, halikuwa na mizizi ya mapema huku. Lilipofika, lilifika pamoja na kanuni zake: jukwaa lenye upande mmoja, muda uliopimwa, na waamuzi wenye karatasi za alama.

Fani iliyoipokea jadi ya Kiturkana kwa urahisi zaidi katika tamasha hilo ni ile ngoma ya kubuni, ambamo wanafunzi husimulia kisa kwa kuimba na kucheza kwa mitindo ya kienyeji. Baada ya serikali ya kaunti kuundwa mwaka 2013, jukwaa la pili lilipatikana: tamasha la utalii na utamaduni la Tobong'u Lore, ambalo jina lake ni mwito wa kuwakaribisha watu nyumbani. Hapo huonekana Waturkana pamoja na jamaa zao wa kundi la Ateker kutoka nchi za jirani, wakiwamo Wakaramojong, Wajie, Watoposa na Wanyangatom.

Mhakiki anayeyatazama maonyesho ya namna hii ataona mabadiliko matatu. La kwanza ni la umbo. Duara limefunguliwa na kuwa mstari, na wachezaji sasa wanawaelekea wageni waliokaa kwenye viti. La pili ni la muda. Edonga huendelea mpaka watu watosheke, ilhali onyesho la tamasha lina dakika zake. La tatu, nalo ndilo kubwa, ni la umiliki. Kundi zima huimba wimbo mmoja, limevaa mavazi ya namna moja, na aghalabu mikono yote huinuliwa kwa umbo lilelile kwa wakati uleule. Macho ya mgeni hupendezwa na ulinganifu huo. Lakini kwa anayeijua edonga, mikono thelathini iliyokunjwa sawasawa ni maksai mmoja asiye na mwenyewe, au ni watu thelathini waliopoteza maksai wao.

Ingekuwa rahisi kukomea hapo na kuomboleza. Maombolezo hayo hayatoshi, kwa sababu jukwaa la shule limeleta jambo ambalo edonga haikuwa nalo. Msichana wa shule anapoinua mikono kuwa pembe na kuanzisha wimbo wa maksai, anafanya jambo ambalo kwa jadi halikuwa lake. Wimbo wa maksai ulikuwa mali ya wanaume. Yeye hana maksai. Kwa hiyo hawezi kujiimba. Hana budi kumwimba mtu mwingine. Papo hapo uigizaji kamili umezaliwa. Kaka yake aliyezaliwa mjini, ambaye baba yake ni mwalimu au dereva, yuko katika hali iyo hiyo. Swali analopaswa kuuliza mhakiki si kama wimbo umebaki "halisi", bali kama onyesho linajua kwamba mwimbaji hana maksai.

Maonyesho mengi hayajui, au hayataki kujua. Huuonyesha utamaduni kana kwamba zizi liko nyuma ya pazia. Ukame wa miaka ya 1979 hadi 1981, ambao Waturkana waliuita Lopiar, uliwaacha watu wengi bila mifugo, na ukame uliofuata katika miaka ya baadaye uliongeza idadi yao. Kijana anayeimba katika Lodwar juu ya maksai huimba mbele ya watu ambao wengi wao wamepoteza wanyama au hawajawahi kuwa nao. Onyesho likilipitia jambo hili kwa tabasamu, limegeuka picha ya kuuzia watalii. Likilisimamisha katikati ya jukwaa, likamwacha mwimbaji aite jina na asijibiwe na kengele, limefikia tamthilia.

KAKUMA: WIMBO BILA ZIZI

Kakuma iko kaskazini-magharibi mwa Lodwar, kando ya mto Tarach. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapo mwaka 1992, wakati vijana wa Sudan ya kusini waliokuwa wameikimbia Ethiopia baada ya kuanguka kwa serikali ya Mengistu mwaka 1991 walipoingia Kenya. Walifuatwa na Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Waganda. Mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yaliongezwa karibu na hapo, na leo kambi na makazi hayo pamoja yana watu zaidi ya 200,000.

Miongoni mwa waliofika mwanzo walikuwamo Wadinka wengi. Nao ni watu wa wimbo wa maksai. Francis Mading Deng, katika The Dinka and Their Songs (1973), ameeleza kwa urefu jinsi kijana wa Kidinka anavyojitambulisha kwa maksai wake na kumwimbia. Hivyo watu wawili wenye fani moja walikutana kwenye mto mmoja. Lakini kwa muda mrefu wakimbizi hawakuruhusiwa kufuga mifugo, kwa kuhofia ugomvi na wenyeji juu ya malisho na maji. Mturkana aliyepoteza mifugo kwa ukame na Mdinka aliyeipoteza kwa vita walikuwa wakiinua mikono ileile kuwa pembe za wanyama ambao hawakuwapo. Ni vigumu kutaja mahali pengine katika Afrika Mashariki ambapo sharti la tamthilia, yaani kukifanya kilichokosekana kionekane, lilitimizwa na historia yenyewe kwa ukamilifu namna hiyo.

Warundi nao wana upungufu wa aina hiyo. Ngoma zao kubwa, ambazo UNESCO ilizitia katika orodha yake ya urithi wa binadamu mwaka 2014, zilikuwa za mfalme. Na ufalme wa Burundi uliondolewa mwaka 1966. Zinapolia Kakuma, zinalia bila mfalme na bila nchi yake. Anayezisikia kama burudani tu amesikia mdundo na kukosa maneno.

Yapo maonyesho ya aina mbili kambini ambayo yafaa yatenganishwe. Ya kwanza ni yale ya sikukuu, hasa Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, ambapo kila taifa hupanda jukwaani kwa zamu na ngoma yake. Mpango huo una heshima kwa kila jamii, lakini kifani ni orodha. Hakuna tendo linalotoka kwa kundi moja kwenda kwa jingine. Mdinka hushuka ndipo Mrundi apande, na hakuna wimbo unaojibu wimbo mwingine.

Ya pili ni michezo ya ujumbe, inayotungwa ili kufundisha juu ya afya, ndoa za mapema, amani na mengineyo. Hii ina wahusika na kisa, lakini kipimo cha kuondoa wimbo huiangusha mara nyingi. Wimbo huimbwa kabla ya mchezo ili watu wakusanyike, na baada ya mchezo ili watu wafurahi. Ukiondolewa, ujumbe hubaki mzima kama ulivyokuwa. Wimbo umefanywa kuwa mbiu ya mgambo. Kasoro hii haitokani na nia ya kuelimisha. Mradi wa sanaa za maonyesho uliofanywa na wanachuo wa Dar es Salaam katika kijiji cha Malya, Mwanza, mwaka 1982 na 1983, nao ulikuwa na nia ya kuelimisha. Lakini ulianza kwa kuwaacha wanakijiji watafute wenyewe matatizo yao na kuyaeleza kwa ngoma walizokuwa nazo. Palepale ujumbe unapofika umekwisha kuandikwa, wimbo hauna kazi ya kufanya isipokuwa kuusindikiza.

KISA CHA NAYECHE

Hadithi ya asili ya Waturkana, iliyochunguzwa na wanahistoria akiwamo John Lamphear, na baadaye Mustafa Kemal Mirzeler, inamhusu mwanamke wa Kijie aliyeitwa Nayeche. Fahali wa kijivu, Engiro, alipotea akiteremka kutoka nyanda za juu za upande wa Uganda. Waliofuata nyayo zake walifika katika bonde la mto Tarach, wakamkuta mwanamke huyo akiokota matunda ya mwituni katika nchi yenye malisho. Watu wakateremka wakakaa, na kilima cha Moru Anayeche kimelihifadhi jina lake.

Matoleo ya hadithi hii hutofautiana, lakini kiini chake kina mambo matatu ambayo yanamtosha mtunzi yeyote wa tamthilia ya nyimbo: mnyama aliyepotea, nyayo zinazofuatwa, na mtu aliyetangulia kufika anayewapokea waliomfuata. Jambo la ajabu ni kwamba mto ni uleule unaopita Kakuma. Waturkana, kwa hadithi yao wenyewe, ni watu waliofika Tarach wakitoka kwingine na wakamkuta mtu mwenye chakula. Anayekumbuka miaka ya ugomvi baina ya wenyeji na wakimbizi juu ya kuni, maji na mgao wa chakula hawezi kuikosa maana ya kisa hicho kikichezwa pale. Na hapa wimbo hauwezi kuondolewa, kwa sababu anayemtafuta maksai au fahali wake porini humwita kwa wimbo wake. Ni nani basi ataimba wimbo wa Engiro? Akiimba Mturkana, ni historia. Akiimba Mdinka, Mturkana akaitikia, ni tamthilia.

SUALA LA LUGHA

Wasomaji wa jarida kama hili watauliza, na wana haki, onyesho la namna hiyo litakuwa kwa lugha gani. Kiswahili cha Kakuma ni cha asili nyingi: kimo cha Kongo ya mashariki, kimo cha shule za Kenya, na kimo cha wale waliopita Tanzania. Ndicho kinachotumika sana sokoni baina ya watu wasiosikilizana kwa lugha zao. Kishawishi cha kukifanya kiwe lugha ya onyesho zima, pamoja na nyimbo, ni kikubwa.

Kishawishi hicho yafaa kikataliwe kwa sababu za kiisimu na za kifasihi. Kiturkana ni lugha ya toni, na kama Gerrit Dimmendaal alivyoonyesha katika uchunguzi wake wa mwaka 1983, irabu za mwisho wa maneno mengi hunong'onwa tu neno linapofuatiwa na kituo. Kiswahili hakina toni, na mkazo wake hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Anayeyabadili maneno ya wimbo wa Kiturkana kuwa ya Kiswahili hana budi kuubadili na muziki wake. Atakachobaki nacho ni wimbo wa tatu, usio wa huku wala wa kule. Zaidi ya hayo, msamiati wa rangi na mabaka ya ng'ombe, ambao ndio roho ya wimbo wa maksai, hauna mwenzake katika Kiswahili cha kila siku. Apaloreng akiwa "Baba wa Mwekundu" amepata tafsiri na amepoteza jina.

Kiswahili kina nafasi nyingine, iliyo bora zaidi: nafasi ya mtambaji. Ebrahim Hussein, katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976), alionyesha kwamba sauti ya mtambaji wa hadithi inaweza kulibeba jukwaa zima. Penina Muhando naye, katika Lina Ubani (1984), aliutumia utambaji ndani ya tamthilia. Mtambaji wa Kiswahili angeweza kusimama kati ya Mturkana, Mdinka, Mrundi na Mkongo, akieleza nani amefika na anatafuta nini, kisha akanyamaza kila mmoja aimbe kwa lugha yake. Kunyamaza kwake ni sehemu ya kazi yake.

Pingamizi litakuwa kwamba hadhira haitaelewa nyimbo. Lakini watu wa London wamesikiliza opera za Kiitalia kwa karne tatu bila kulalamika, na Renga Moi ilionekana nje ya Uganda na watu wasiojua hata moja ya lugha zake za Kiafrika. Kakuma ina faida kuliko hizo zote mbili. Mtoposa na Mturkana husikilizana kwa kiasi kikubwa, na Mdinka anayeona mikono iliyokunjwa juu ya kichwa hahitaji mkalimani. Ishara hiyo ameijua tangu utotoni.

HITIMISHO

Imeonekana kwamba wimbo wa maksai haukuwa malighafi iliyomngoja msanii wa mjini aje aifinyange. Ulikuwa umekwisha kulitatua tatizo ambalo jukwaa la Ulaya na Marekani lililihangaikia toka mwanzo wa karne ya 17, la kuufanya wimbo na mtu kuwa kitu kimoja. Tatizo lake ni jingine: kumpata mwenyewe baada ya maksai kwenda. Lodwar imelikabili kwa kumpa kila mchezaji mikono ya namna moja, na ndani ya ulinganifu huo, pengine bila kukusudia, imemruhusu msichana asiye na maksai kuimba kama mwenye maksai. Kakuma imewakusanya wenye nyimbo waliopoteza vinavyoimbwa, lakini mpaka hapa majukwaa yake mengi yamewapangia zamu badala ya kuwaacha waitikiane.

Waamuzi wa matamasha na wahakiki wana sehemu yao. Alama zikiendelea kutolewa kwa ulinganifu wa mistari na wepesi wa ujumbe, watunzi watatunga mistari na ujumbe. Yatosha kwa kuanzia kwamba anapoinuka mwimbaji na kukunja mikono yake, mhakiki amwulize swali ambalo watu wa edonga hawakuhitaji kuuliza kwa kuwa jibu lake lilikuwa likilisha mbele yao: hizi ni pembe za nani?